Taarifa za wateja mikononi mwako: mwongozo kamili kwa wafanyabiashara wa Tanga

Ukinunua karanga pale stendi ya Kange, kunjua karatasi iliyofungiwa kabla hujaitupa. Mara nyingi ni ukurasa wa daftari la mwanafunzi. Safari nyingine ni fomu ya mkopo, ina jina la mtu, namba yake ya simu, mtaa anaokaa, kiasi anachodaiwa na sahihi ya mdhamini. Hakuna mdukuzi aliyehusika hapo. Kuna ofisi ilihama, makabati yakasafishwa, karatasi zikauzwa kwa kilo.

Naanzia kwenye karatasi kwa sababu wafanyabiashara wengi wa hapa kwetu, wakisikia habari za usalama wa taarifa, wanaona ni mambo ya mabenki na makampuni ya simu. Sivyo. Mwenye gesti Chumbageni, mwenye duka la dawa Makorora, wakala wa forodha anayeshinda bandarini, steshenari ya Ngamiani, shule ya awali, saccos, hata saluni inayotunza namba za wateja, wote wanashika taarifa za watu na wote sheria inawagusa. Na nyingi ya kinga ninazozieleza hapa hazihitaji pesa. Zinahitaji mwenye biashara aamue.

Sheria inasema nini, kwa kifupi

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Kilichokuja kuipa meno ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi Aprili 2024.

Taarifa binafsi ni chochote kinachoweza kumtambulisha mtu: jina, simu, namba ya NIDA, picha, alama ya kidole, anwani. Iwe imo kwenye kompyuta au kwenye faili la kabatini, ni ileile. Halafu kuna taarifa nyeti, ambazo zinabanwa zaidi: za afya, za watoto, alama za kidole, imani ya dini, na miamala ya fedha ya mtu. Hiyo ya mwisho wengi inawapita, lakini inamgusa kila anayekopesha na kila mwenye daftari la madeni.

Sheria inamwita mkusanyaji yule anayeamua taarifa zipi zichukuliwe na kwa kazi gani. Mchakataji ni anayezishughulikia kwa niaba ya mwingine, kama mhasibu wa kukodi au kampuni iliyokufungia mfumo. Ukiwa na biashara yako mwenyewe, karibu siku zote wewe ni mkusanyaji, na lawama ya kwanza ni yako hata kama aliyevujisha ni mchakataji wako.

Adhabu si ndogo. Kwa kosa la kufichua taarifa za watu kinyume cha sheria, mtu binafsi anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni faini yake inaanzia milioni 1 na inaweza kufika bilioni 5. Nje ya mahakama, Tume nayo inaweza kukutoza hadi milioni 100 ukikaidi amri yake ya kurekebisha.

Hatua ya 1: zunguka ofisini na daftari

Usianze kwa kununua programu wala kumwita fundi. Chukua daftari, anzia mlangoni, pita kila meza, kila droo, kila simu inayotumika kwa kazi. Kila unapokuta taarifa ya mtu, andika mambo saba: ni taarifa gani, ya nani, imetoka wapi, ya kazi gani, inakaa wapi, nani anaiona, na itakaa mpaka lini. Hili ndilo zoezi lenye faida kuliko yote, na ndilo linalorukwa kuliko yote.

Tuchukue gesti ya vyumba vichache. Mwenyewe atakwambia ana kitabu cha wageni tu. Ukikaa mapokezi nusu saa utaona mengine. Mgeni anafika usiku amechoka, kitambulisho anakitoa, dada wa mapokezi anakipiga picha kwa simu yake ili aandike kesho kwa utulivu. Ile simu ni yake binafsi. Imeunganishwa na hifadhi ya picha ya mtandaoni, kwa hiyo kila picha inajipandisha yenyewe huko bila yeye kubonyeza kitu. Akiacha kazi mwezi ujao anaondoka na vitambulisho vya wageni wa mwaka mzima, na pengine hata hana habari kama anavyo. Kuna kamera ya korido inayoonyeshwa kwenye simu ya mwenye nyumba na ya mwanawe. Kuna namba ya WhatsApp ya kuweka nafasi, ambayo imefunguliwa pia kwenye kompyuta ya kaunta na haijawahi kufungwa. Kitabu cha wageni, kumbe, ni kimoja kati ya sehemu tano.

Steshenari nayo ina yake. Mteja anatuma vyeti, wasifu, kitambulisho cha taifa na barua ya kazi ili achapiwe. Analipa, anaondoka. Mafaili yanabaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa, yamepangana kwa majina ya watu, na mteja anayefuata anapewa hiyohiyo kompyuta atafute faili lake. Mwenye nia mbaya akiwa na flashi anahitaji dakika moja tu.

Hatua ya 2: punguza

Sasa rudi kwenye orodha yako, ujiulize kwa kila mstari: bila hii, nashindwa kumhudumia mteja, au nashindwa kutimiza sheria fulani? Kama jibu ni hapana kwa yote mawili, acha kuichukua kuanzia leo. Sheria yenyewe inataka ukusanye kinachohitajika kwa kazi uliyomwambia mtu, si zaidi. Saluni haina haja na namba ya NIDA. Fomu ya kujiunga na gimu haina sababu ya kuuliza dini. Taarifa usiyo nayo haiwezi kuibwa kwako, na kwa biashara ndogo sijaona kinga ya bei rahisi kuishinda hiyo.

Muda nao uwekee kikomo. Kumbukumbu za kodi huna hiari nazo: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka uzitunze angalau miaka mitano. Kitabu cha wageni cha gesti nacho kina watu wake wenye mamlaka ya kukikagua, kwa hiyo usikimbilie kukiharibu. Ila picha ya kitambulisho cha mgeni aliyelala usiku mmoja akalipa akaondoka, hiyo unaitunzia nini? Andika kwa kila aina ya taarifa: inakaa miezi mingapi, halafu nani anaifuta.

Kufuta kuwe kufuta kweli. Karatasi zichanwe vipande vidogo au zichomwe, mtu wako akiwa amesimama palepale, zisipewe mtu wa kuuza kwa kilo. Kompyuta chakavu ukitaka kuiuza, toa diski kwanza. Kufuta faili kwa kawaida hakuliondoi, fundi yeyote wa mtaani mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kulitoa tena. Tahadhari moja: kama kuna kesi, ukaguzi wa kodi au uchunguzi wa polisi unaoendelea, usiguse kitu kinachohusika nao. Kuharibu taarifa kinyume cha sheria nako ni kosa.

Hatua ya 3: tazama kaunta kwa macho ya mteja

Simama upande wa mteja. Unasoma nini?

Kwenye gesti nyingi mgeni anapewa kitabu kikubwa ajaze mstari wake, na mistari kumi ya juu iko wazi mbele yake: nani kalala chumba namba ngapi, katoka wapi, anakwenda wapi, simu yake. Mke anayemtafuta mume, mdai anayemtafuta mdaiwa, wote wanahudumiwa na ukurasa huo. Dawa yake ni kadi moja kwa kila mgeni, inayokwenda kwenye faili baada ya kujazwa na kunakiliwa kitabuni na mhudumu. Ukiona kadi ni gharama, kata kipande cha boksi gumu chenye upenyo wa mstari mmoja, kikae juu ya ukurasa. Wakala wa pesa afanye hivyohivyo na daftari lake la miamala, maana pale kuna jina, namba, kiasi na sahihi kwa pamoja, na foleni yote inachungulia.

Kwenye duka la dawa tatizo ni sauti. "Wewe ndiye uliyekuja kwa dawa za nanihii?" Watu wanaojuana mtaa mzima wamesimama nyuma. Mfundishe muuzaji asome cheti kimya, amwonyeshe mgonjwa kwa kidole. Hili halihitaji mfumo wala bajeti.

Hatua ya 4: simu, kompyuta na mtandao

Nenda kwa mpangilio huu, kwa sababu ya juu yanaziba mashimo makubwa zaidi.

Anza na barua pepe ya biashara na WhatsApp. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye zote, leo, yaani kuingia kuhitaji kithibitisho cha pili, kama namba ya siri. Barua pepe ndiyo ufunguo wa vingine vyote. Aliyeishika anaweza kubadili nenosiri la kila mahali. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp, utoe kila usichokitambua.

Kila mfanyakazi awe na jina lake la kuingilia na nenosiri lake. Nenosiri moja la ofisi nzima, lililobandikwa chini ya kibodi, lina ubaya wa pili zaidi ya kuibwa: siku jambo likitokea, huwezi kujua nani alifanya. Akiondoka mtu kazini, mfungie siku hiyohiyo, si mwisho wa mwezi.

Sasisha programu. Kompyuta nyingi za maofisini kwetu bado zina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta ya kuangalia mpira inavumilika, ila kwa ile yenye faili za wanachama wa saccos tafuta njia ya kuhama. Na programu za kuvunja leseni, zile za kuwekewa na fundi kwa bei ya soda, zimebeba virusi vingi kuliko chanzo kingine ninachokijua.

Nakala rudufu ya mafaili ikae sehemu mbili tofauti na kompyuta yenyewe, na mojawapo isiwe imechomekwa wakati wote. Kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia kinafunga pia diski iliyochomekwa. Kila baada ya miezi michache jaribu kurejesha faili moja, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuijaribu huwezi kuitegemea.

Wi-Fi ya wageni itenganishwe na ya ofisi; ruta nyingi za siku hizi zinaruhusu. Nenosiri la ruta na la kamera, yale yaliyokuja nayo kiwandani, yabadilishe. Kamera isielekezwe chooni, chumbani wala mahali pa kubadilishia nguo, na pawe na tangazo kwamba mtu anarekodiwa.

Hatua ya 5: ulaghai unaopita kwa watu wako

Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe: ile hela itume kwenye namba hii. Tumeshauzoea mpaka tunaucheka. Toleo lake la kibiashara halichekeshi. Wakala wa forodha anaandikiana na mwenye mzigo wiki nzima kuhusu kontena. Mwizi aliyeingia kwenye barua pepe ya mmoja wao anasoma kimya, anangoja ankara itoke, kisha anatuma ankara ileile, nembo ileile, namba ya akaunti ya benki tu ndiyo tofauti. Anajua jina la meli na kiasi kamili cha pesa, kwa hiyo hakuna anayeshtuka.

Weka kanuni moja isiyo na mjadala: akaunti ya malipo ikibadilika, mtu anapiga simu kwa namba iliyokuwepo tangu zamani, si iliyoandikwa kwenye barua hiyo mpya. Asiporidhika, halipi. Bosi naye afuate kanuni hiyo, maana wezi wanapenda kujifanya bosi.

Meseji za kitapeli zipelekwe kwenye namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na wewe pamoja na wafanyakazi wako pigeni *106# mtazame ni laini ngapi zimesajiliwa kwa vitambulisho vyenu. Ukiikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu ikafutwe.

Hatua ya 6: watu na wakandarasi

Kila mfanyakazi asaini karatasi ya ukurasa mmoja: taarifa za wateja hazipigwi picha kwa simu binafsi, hazitumwi kwenye makundi, hazisimuliwi nje. Nunua simu moja ya kazi, hata ya bei ndogo, ibaki ofisini.

Mhasibu, aliyekufungia mfumo, fundi wa kompyuta: muwe na mkataba wa maandishi unaosema atatumia taarifa kwa kazi uliyompa tu, atazilinda, atakuarifu zikivuja, na atazirudisha au kuzifuta mkimalizana. Ukihifadhi mafaili kwenye huduma za mtandaoni ambazo mashine zake ziko nje ya Tanzania, jua kwamba sheria ina masharti juu ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Liandike jambo hilo kwenye daftari lako la Hatua ya 1, utaulizwa.

Kwa wanaokopesha nina neno zito zaidi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wakopaji walikuwa wamelalamika sana kwamba ndugu, mabosi na hata wakwe zao wanatumiwa meseji za kuwaaibisha. Kama unadai, dai kwa aliyekopa na kwa mdhamini aliyesaini. Usimguse mtu mwingine aliyemo kwenye simu yake.

Hatua ya 7: jisajili, teua afisa, toa maelezo

Sheria hairuhusu kukusanya wala kuchakata taarifa binafsi bila kusajiliwa na Tume. Usajili unafanyika kupitia mfumo wa Tume kwenye tovuti yake, pdpc.go.tz, na cheti kinadumu miaka mitano. Utaeleza biashara yako, aina za taarifa, sababu ya kuzikusanya, unazilinda vipi na kama zinatoka nje ya nchi. Aliyefanya Hatua ya 1 kwa uaminifu majibu yote anayo.

Mteue afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi. Kwenye biashara ndogo asiwe jina la kujazia fomu. Awe mtu anayeweza kumwambia mwenye mali "hapana" na akasikilizwa.

Kisha bandika maelezo mafupi kaunta na uyaweke juu ya kila fomu, kwa Kiswahili cha kawaida: tunachukua nini, cha kazi gani, tunampa nani, tunakaa nacho muda gani, na ukitaka kuuliza umpigie nani. Ridhaa ya kutumiwa matangazo iwe kisanduku cha peke yake, kisijazwe mapema. Picha ya mteja au ya harusi uliyoipamba haiendi kwenye ukurasa wako wa Instagram mpaka mwenyewe akubali, na ya mtoto wa shule mpaka mzazi akubali.

Hoteli za Raskazone na Pangani zinazotafuta wageni wa Ulaya zina jambo la ziada. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inaweza kumfikia mfanyabiashara aliye nje ya Ulaya akilenga watu waliomo humo. Kumpokea Mjerumani aliyejitokeza mlangoni hakukuingizi. Tovuti ya Kijerumani yenye bei za euro na matangazo ya kulipia huko kunaweza kukuingiza, kwa hiyo mwone mwanasheria. Na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi ya benki haziandikwi popote, hata kwenye karatasi ya pembeni.

Hatua ya 8: mteja akija kuuliza

Mtu ana haki ya kujua unatunza nini chake, kusahihisha kilichokosewa, kutaka kifutwe pale sheria inaporuhusu, na kukuambia uache kumtumia matangazo. Maombi hayo yatakuja kaunta, kwa mdomo, na anayeyapokea ni kijana wa kazi. Mfundishe namna hii:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi meseji zenu zimenichosha, namba yangu itoeni."

"Samahani mama. Naomba namba yenyewe niiandike hapa pembeni. Naitoa leo kwenye orodha ya matangazo. Kumbukumbu za malipo yako zitabaki kwa ajili ya kodi, ila hatutazitumia kukutangazia. Niandike jina gani, nikupe karatasi ya kuonyesha umeomba?"

Hakuulizwa sababu, hakuambiwa aje kesho. Tunza daftari la maombi haya, tarehe ya kuombwa na ya kutekelezwa. Asiporidhika anaweza kwenda Tume, na hapo daftari hilo ndilo litakalokusemea.

Hatua ya 9: siku ya tukio

Simu ya ofisi imeibwa, kompyuta imefungwa na kirusi, au mfanyakazi amemtumia mtu asiye sahihi orodha nzima ya wanachama. Andika kabla ya siku hiyo nani anafanya nini.

Kwanza zuia: toa kifaa kwenye mtandao lakini usikifute, badili manenosiri kwa kutumia kifaa kingine, funga laini ya simu. Pili andika saa kwa saa: mmegundua lini, taarifa za akina nani, ngapi, nani alikuwa zamu. Piga picha za skrini. Tatu iarifu Tume bila kuchelewa. Hilo ni takwa la sheria, na usingoje uchunguzi ukamilike. Penye wizi au udukuzi nenda polisi pia, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo kwa ajili hiyo. Anayedai fidia usimlipe kwa haraka, kulipa hakukuhakikishii mafaili yako.

Nne waambie wenye taarifa zao, kwa maneno yaliyonyooka: "Jumanne usiku simu ya ofisi iliibwa. Ilikuwa na jina lako, namba yako na picha ya kitambulisho chako. Nenosiri lako halikuwemo. Mtu akikupigia akijifanya ni sisi na kuomba pesa au namba ya siri, kata simu utupigie kwa namba yetu ileile ya zamani. Angalia pia laini zilizosajiliwa kwa jina lako kwa kupiga *106#." Meseji hiyo iandike sasa, acha nafasi za tarehe na aina ya taarifa, uichape nakala mbili: moja kwa afisa wako, nyingine nyumbani kwako, kwa sababu siku ya tukio huenda kompyuta ya ofisini isiwake.